UZI: Kigombe hadi Bagamoyo kwa ngalawa ya tanga, peke yangu, wakati wa tangambili

#1 WaacheWaseme

Wakuu, habari za muda huu. Miaka yote mimi ni msomaji tu humu, leo nimeona nilete uzi.

Novemba iliyopita nilitoka Kigombe, kusini ya Tanga, nikaenda Bagamoyo kwa ngalawa. Haina injini, ni tanga na kafi tu. Ukipima kwenye ramani ni kama kilomita 130. Nilizozunguka kweli sijui, maana kuna siku nilitembea kutwa na jioni nikiangalia nyuma minazi ni ile ile ya asubuhi.

Kisa chenyewe: marehemu mjomba aliacha ngalawa inaitwa WAACHE WASEME (ndiyo nimechukua jina hapa). Mwanawe yuko Arusha na bahari hataki hata kuisikia. Mimi ni fundi wa friji Bagamoyo. Nikauliza bei ya kuipakia kwenye lori, nikatajiwa hela ambayo naongeza kidogo napata ngalawa nyingine. Nikasema basi, nitaileta kwa njia iliyotengenezewa. Na nimelelewa Kigombe mpaka darasa la saba, si kwamba nilikuwa naona tanga kwa mara ya kwanza.

Kwa walio bara: Kusi linavuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba au Oktoba, Kaskazi inakuja kushika Desemba mpaka Machi. Hapo katikati, Oktoba na Novemba, upepo haujaamua. Wazee wanakiita kipindi hicho tangambili, wengine maleleji. Alfajiri unavuma umande kutoka bara, kuelekea adhuhuri unageuka matlai kutoka mashariki, jioni Kusi linarudi kama mpangaji aliyesahau godoro. Katikati ya hayo mvua za vuli.

Mimi hilo jina nililielewa kivyangu. Nilijua tangambili maana yake upepo unakupeleka utakako, uwe unapanda au unashuka. Ni kweli unakupeleka. Ila haukwambii saa ngapi.

Nitaleta kwa vipande, nina friji mbili za watu hapa zinasubiri gesi.

#2 Kiti_cha_Mbele

Naweka kiti. Usitutie arosto tu mkuu.

#3 Mtoto wa Buguruni

Chai. Uzi bila picha ni chai.

#4 Mzee Wete

Mwanangu, hongera kwa kufika salama. Mimi wa Pemba, nimevua miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Nna suali moja tu. Ngalawa ni chombo cha watu wawili. Ulipokuwa peke yako, henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ulifungia wapi, na kwa fundo gani?

#5 WaacheWaseme

Mzee Wete shikamoo. Hilo swali lako nitalifikia, naomba univumilie.

Mtoto wa Buguruni, picha zipo tatu tu, simu niliiweka ndani ya mifuko miwili ya nailoni na muda mwingi mikono haikuwa yangu.

SIKU YA KWANZA. Niliondoka Kigombe saa kumi na moja alfajiri. Mwezi ulikuwa unaisha, zimebaki siku mbili uandame, kwa hiyo maji yalikuwa yanaelekea bamvua, yaani yale ya kujaa sana na kupwa sana. Vitu nilivyobeba: dumu mbili za maji ya kunywa, unga, dagaa wa kukaanga, jiko la mkaa la udongo ambalo sikuliwasha hata mara moja, kamba ya akiba, kisu, panga, nanga, kata ya kufulia maji, na jaketi okozi ambalo nililivaa kuanzia ufukweni huku wazee wa diko (pale wavuvi wanapotua) wakinicheka. Mmoja akaniuliza kama naenda baharini au naenda kupigana.

Umande ulikuwa mzuri ajabu. Upepo ubavuni, maji yamelala, chombo kinakwenda kinanong'ona. Nikasema kumbe hivi tu? Saa tatu upepo ukakatika. Sio kupungua. Ukakatika kama umeme. Tanga likaning'inia kama kanga kwenye kamba, na mimi nikakaa naangalia mnazi mmoja ufukweni niliouweka alama. Mnazi ukaanza kusogea. Unasogea kusini. Yaani ni mimi ninayerudi Kigombe.

Nikatia nanga pima sita na kusubiri saa mbili nzima juani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikubeba kofia.

Matlai akafika saa tano na robo, nikang'oa nanga. Mlango wa mto Pangani niliufikia saa nane mchana, maji yakiwa karibu kujaa. Hapo namshukuru marehemu mjomba, alikuwa akisema Pangani huingii unapotaka wewe, unaingia unapotaka mto. Maji yakitoka mtoni yanakutana na mawimbi ya bahari pale kwenye fungu la mchanga mlangoni, panakuwa kama sufuria. Yakiwa yanajaa yanakubeba yenyewe. Niliingia kama mgeni rasmi, kivuko cha Bweni kinavuka mbele yangu, watu wananipungia.

#6 Jiografia_Form_Four

Kusogea kwa ule mnazi kuna maelezo. Mkondo wa bahari wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi likivuma unakimbia, Kaskazi ikishika unapungua nguvu lakini haugeuki kwa upande wetu huku. Kwa hiyo wewe ulikuwa unashuka kusini dhidi ya mkondo, bila Kaskazi ya kukusukuma mgongoni. Ungesubiri Desemba mwishoni ungekuja unapiga mluzi.

#7 WaacheWaseme

Desemba ni joto, na joto kwangu ni pesa. Friji zote za Bagamoyo zinaharibika Desemba. Ndiyo maana Novemba.

#8 Binti Mkunazini

Samahani kwa kuingilia. Ile meli iliyozama Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mimi nilikuwa msichana mdogo hapa Unguja. Shule zilipofunguliwa kuna viti vilibaki vitupu. Mwaka uliofuata, Julai, ikazama nyingine karibu na Chumbe. Mimi tangu hapo bahari naiheshimu nikiwa mbali. Nikisoma mtu anakwenda peke yake kwa hiari, hana hata injini, na watu wanaweka viti kama wako sinema, moyo unaniuma. Sikulaumu kaka. Nauliza tu: kuna mtu alijua uko wapi?

#9 WaacheWaseme

Dada, swali la haki kabisa. Mke wangu alikuwa na karatasi yenye majina ya vijiji vyote: Pangani, Ushongo, Kipumbwi, Mkwaja, Saadani, Bagamoyo. Kila nikifika pwani napiga. Tulikubaliana siku mbili zikipita kimya, anapigia diko la kijiji kinachofuata kwenye orodha. Namba za watu wa madiko nilizikusanya wiki nzima kabla ya kuondoka, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri katika safari hii. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nilikuwa naangalia kila jioni penye mtandao. Na siku ya tatu nilikaa chini kwa sababu walitangaza tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa.

#10 Mtoto wa Buguruni

Kwa hiyo jamaa ana orodha ya namba za watu wa madiko, halafu hana kofia.

#11 WaacheWaseme

Ndivyo ilivyokuwa.

SIKU YA PILI. Hii ndiyo siku niliyotaka watu waielewe, kuliko hata ile ya dhoruba mtakayoisikia baadaye.

Nilitoka Pangani alfajiri na maji yanayopwa, mto ukinisukuma. Nikalenga Kipumbwi, kama kilomita 22. Kufika saa mbili Kusi likaamka. Lile Kusi ambalo kila mtu aliniambia limekwisha. Linatoka kule kule ninakokwenda.

Sasa kwa wasiojua tanga letu. Ni la pembetatu, limeshonewa kwenye foromali, yaani ule mti mrefu wa mshazari, na foromali inakaa upande mmoja wa mlingoti. Upepo ukitoka mbele huwezi kuuendea uso kwa uso, unabisha: unakwenda mshazari kuelekea kilindini, unageuka, unakwenda mshazari kuelekea pwani, hivyo hivyo kama mtu anayepanda mlima kwa kona. Kila unapogeuka, foromali inatakiwa ihamie upande wa pili kwa kupitishwa mbele ya mlingoti. Mjomba alikuwa na mwanawe. Mmoja kwenye tezi (nyuma) ameshika kana (mpini wa usukani) na demani (kamba ya kuongozea tanga), mwingine anakimbilia omo (mbele), anaisimamisha foromali, anaizungusha, tanga linajaa upande mwingine, hata sala ya Fatiha hujamaliza.

Peke yako? Ukiacha kana uende omo, ngalawa inageuka inavyotaka yenyewe. Ukibaki na kana, foromali inabaki upande mbaya na tanga linagandamia mlingoti. Mara ya kwanza nilijaribu kukimbia. Ngalawa ina upana wa makalio ya mtu mmoja, unakimbilia wapi? Nilipofika omo, omo imeshatazama Pangani. Nikarudi tezi. Nikajaribu tena. Mara ya nne ndipo nikapata akili ya kufunga kana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli pande zote mbili, inyooke yenyewe kidogo wakati mimi nahangaika mbele. Ilisaidia. Lakini kila nikigeuka nilikuwa napoteza hatua karibu zote nilizopata.

Nilibisha kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nimefika Ushongo. Ushongo! Kutoka Pangani mtu anakwenda Ushongo kwa bodaboda akirudi chai haijapoa.

Viganja vilikuwa vimechanika. Mama mmoja pale ufukweni akaniwekea mafuta ya nazi na kunipa wali, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nilipomwambia sina mwenzangu, akageuka akamwangalia mumewe bila kusema neno.

#12 Kiti_cha_Mbele

Huyo mama hakusema lakini kasema.

#13 Nahodha wa Makaratasi

Ushongo ukitazama baharini unaona Maziwe. Wazee wa huko watakwambia kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wanapanda kutaga. Miti yote imekwisha, leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa sana linazama. Mayai ya kasa wanayaokota na kuyahamishia Ushongo ili yasizame. Ni hifadhi tangu 1975 na bado bahari imekula.

#14 WaacheWaseme

Nililiona kwa mbali maji yamepwa, jeupe kama sahani. Siku ya tatu na ya nne nililiangalia sana kwa sababu sikwenda popote. Mvua, upepo, mvua. Nilishona tanga, nikalala, nikacheza bao na kufungwa na watoto.

#15 Mzee Wete

Hapo ulifanya la maana. Lakini suali langu la henza bado.

#16 Mswahili wa Maskati

Salamu kutoka Maskati. Marehemu babu yangu alikuwa akija Unguja na jahazi kutoka Sur, wanateremka na Kaskazi na kurudi na Kusi. Mjini Sur mpaka leo ipo jahazi moja, Fatah al-Khair, iliyoundwa 1951, imewekwa watu waitazame. Ukisimama chini yake na kuitazama foromali yake ndipo unafahamu kwa nini nahodha alichukua mabaharia wengi. Babu alikuwa akisema wakati wa maleleji nahodha mwenye akili anakaa bandarini anaoa. Ndugu yangu wewe umeoa tayari, basi ungekaa tu.

#17 WaacheWaseme

Hahaha! Nimemsomea mke wangu hiyo, amekataa kucheka.

SIKU YA TANO ilikuwa zawadi. Matlai alianza mapema na hakubadilika mpaka jioni. Ubavuni, hakuna kubisha, mkono mmoja kana, mkono mwingine muhogo. Nikaipita Kipumbwi, ambako vyombo vya kwenda Unguja vilikuwa vinapakia, nikalala Mkwaja. Sina la kusimulia. Siku nzuri baharini haina hadithi.

SIKU YA SITA. Mkwaja kwenda Saadani ni kama kilomita 29. Niliondoka na umande, ukakatika saa nne kama kawaida yake, nikatia nanga, nimeshazoea. Saa sita ikaja pepo laini ya mashariki, nikatweka tanga. Joto lilikuwa la kunata. Saa nane nikaona upande wa bara, juu ya mbuga ya Saadani, wingu limesimama. Sio jeusi sana, rangi ya sufuria iliyoungua chini. Nikajiambia hilo ni la bara, litamwaga huko huko kwa nyumbu.

Halafu ile pepo ya mashariki ikafa. Na baridi ikanipiga shingoni kutoka nyuma, yaani kutoka bara. Nikageuka. Kati yangu na pwani kulikuwa na mstari mweupe juu ya maji, unakuja.

Najua cha kufanya. Kila mtoto wa Kigombe anajua. Tua tanga. Unafungua henza, foromali inashuka, mchezo umekwisha, unajikunja unasubiri. Nikaruka mpaka kwenye mlingoti nikashika fundo la henza.

Halikufunguka.

Mzee Wete, ndiyo hapo. Kwa sababu niko peke yangu na sitaki henza iteleze nikiwa tezi, nilikuwa nimefunga fundo juu ya fundo. Matatu. Mvua za Ushongo zikaiingia ile kamba ya katani, jua la Mkwaja likaikausha, ikawa jiwe. Nilikuwa napachua kwa kucha, kwa meno, na ule mstari ukanifikia.

Ngalawa ilinyanyuka upande mmoja. Ubao wa pembeni wa kulia ulikuwa hewani juu ya kichwa changu, unadondosha maji, ule wa kushoto umezama kabisa. Nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa: kamba za mrengu mmoja (mti unaoshika ubao wa pembeni) zimekatika. Kisu kilikuwa tezi. Panga lilikuwa miguuni. Nikakata henza kwa panga, mara mbili, ya pili ndiyo iliyokata.

Foromali, tanga, vyote vikaanguka baharini.

#18 Kiti_cha_Mbele

Mkuu usiseme friji inasubiri gesi. Mkuu.

#19 Mtoto wa Buguruni

Narudisha neno langu la chai kwa muda.

#20 WaacheWaseme

Nilikuwa nakula.

Kumbe lile tanga lililoanguka ndilo lililonisaidia. Lilikuwa bado limeshikwa na demani na kamba za omo, likajaa maji likatandazika upande wa upepo, likawa zito kama nanga. Ngalawa ikavutwa na kutazama upepo kwa omo, mawimbi yakawa yanakuja mbele badala ya ubavuni. Sikupanga. Nikakaa chini kwenye ngama, sakafuni mwa chombo, nimekumbatia mrengu uliolegea usiondoke wote, mkono mwingine nafua maji. Mvua ilikuwa nene mpaka omo siioni. Nilikuwa nasema maneno, sikumbuki ni sala au matusi.

Kama dakika arobaini. Ikapita. Jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea, na pwani ikawa mstari mwembamba sana, maana upepo wa bara ulikuwa unanisukuma nje muda wote. Hapo ndipo nilipoogopa. Wakati wenyewe sikuogopa, sikuwa na nafasi.

Nikafunga mrengu kwa kamba ya akiba. Nikavuta tanga ndani, kazi hiyo peke yake ilinichukua karibu saa nzima, tanga lenye maji ni kama kuvuta ng'ombe. Henza iliyokatwa ilikuwa fupi, foromali ikapanda nusu ya mlingoti tu. Ikatosha. Maji yalikuwa yanajaa, yanakwenda pwani, na upepo mdogo wa mashariki ukarudi. Kafi, tanga nusu, kafi. Magharibi ikanikuta mbele ya Saadani. Nikatia nanga penye kina cha kifua, nikaona nimefika, nikalala kama maiti.

Nikaamka saa tatu usiku chombo kimeinama. Nikanyoosha mkono nje nijue maji yako wapi. Matope. Nimepwelewa. Pwani ya Saadani ni tambarare, na siku zile za bamvua bahari inaondoka mpaka inakuwa habari za mbali. Taa za kijiji naziona, lakini kati yangu na taa ni giza na matope ya magotini, na huko pembeni kuna mito yenye viboko na mamba. Nikabaki ndani. Mbu wa usiku ule siwasimulii. Maji yakarudi kabla ya alfajiri.

#21 Binti Mkunazini

Mke wako alijua lini?

#22 WaacheWaseme

Asubuhi. Nilimpigia nikamwambia nimefika Saadani, mvua imenyesha kidogo. Mengine ameyasoma kwenye uzi huu. Ndiyo maana hajacheka kule juu.

#23 Mzee Wete

Mwanangu, fundo juu ya fundo ni woga, si ulinzi. Henza unaizungusha kwenye kishikizo mara mbili tatu, mwisho unatia kitanzi, ncha unaiacha inaning'inia. Ukiivuta mara moja, hata kwa mguu, hata kwa meno, yote inamwagika. Na ncha unaifikisha tezi ulipokaa wewe, usiiache kwenye mlingoti. Mtu aliye peke yake kamba zote zinamjia yeye, yeye hazifuati. Na kisu kinakaa shingoni. Kwani hilo panga lingekuwa omo?

#24 Pwani Moja

Mie niko Shimoni, upande wa Kenya. Hiyo ya kamba zote zije tezi ni kweli tupu. Lakini wacha niulize wazee, je, kujifunga kamba kiunoni? Kuna vijana huku wajifunga wasianguke.

#25 Mzee Wete

Kwenye jahazi sawa. Ngalawa ikipinduka na wewe umefungwa nayo, uko chini yake. Mimi sikujifunga hata siku moja.

#26 Nahodha wa Makaratasi

Mzee hapo naomba tupingane kwa heshima. Aliye peke yake akianguka, ngalawa yenye tanga inamwacha, hakuna wa kuigeuza. Afadhali kamba ndefu yenye kitanzi cha kuvuta mara moja, hicho hicho ulichotuelekeza.

#27 Mzee Wete

Hapo umesema. Lakini ndefu.

#28 WaacheWaseme

Mimi sikujifunga, na sikuwaza. Naandika haya kwenye daftari.

MWISHO WA SAFARI. Saadani nilikaa siku mbili. Fundi mmoja pale akanifungia mirengu yote upya, na akaniambia aliyefunga mwanzo alikuwa mtu mzuri ila kamba zilikuwa za zamani kuliko yeye. Akanipa henza mpya ya nailoni.

Jioni ya pili akaja mzee mmoja na kikapu. Ameambiwa kuna ngalawa inakwenda Bagamoyo, ana mjukuu anaumwa huko, nauli ya gari hana. Nikamwambia mzee wangu, chombo hiki kimenishinda mimi peke yangu, nitakuzamisha bure. Akasema sikuja kukaa, nimekuja kushika kamba.

Tuliondoka alfajiri. Mlango wa mto Wami tuliupita mbali, maji pale ni ya rangi ya chai ya maziwa na mafungu ya mchanga yanahama, mzee alikuwa ananionyesha kwa kidole bila kusema. Matlai akaja, halafu karibu na adhuhuri akahamia kaskazini-mashariki, mzee akanusa akasema hiyo ni Kaskazi inabisha hodi. Baada ya saa moja ikafa, Kusi likatupiga usoni kama kawaida.

Tukaanza kubisha. Mimi kana na demani, yeye omo. Nikasema "geuza", kabla sijafunga mdomo foromali imeshapita. Mara ya kwanza nilibaki nimeduwaa mpaka akanigeukia kuona kama nimelala. Anakadiria miaka yake kuwa sabini na kitu. Tuligeuka labda mara kumi na tano, hatukupoteza hata moja. Kilomita 46, tumeingia Bagamoyo isha inaadhiniwa.

Nilitaka kumpa pesa akakataa, akachukua dagaa waliobaki.

#29 Mtoto wa Buguruni

Sasa hapa nina hoja. Kichwa cha uzi kinasema PEKE YANGU. Kilomita 46 kati ya 130 ulikuwa na mzee. Moderata abadilishe kichwa.

#30 Kiti_cha_Mbele

Buguruni wewe hata ukipelekwa peponi utauliza risiti.

#31 WaacheWaseme

Yuko sahihi. Moderata ukiona hapa, badilisha tu. Andika "peke yangu mpaka Saadani".

#32 Jiografia_Form_Four

Na mjukuu wa mzee?

#33 WaacheWaseme

Alikuwa na malaria, alipona. Mzee alirudi Saadani kwa gari, tulimchangia nauli pale diko. Kabla hajapanda alinipitia gereji. Akaingia, akaangalia friji, akaniuliza ngalawa nimeifunga wapi, tukashuka naye ufukweni. Akaangalia henza mpya. Nilikuwa nimefunga fundo juu ya fundo.

Akayafungua yote matatu, taratibu, akazungusha mara mbili, akatia kitanzi, ncha akaivuta mpaka tezi akaiweka juu ya ubao ninapokaa. Hakusema kitu. Akaniambia tu twende, gari litaniacha.

#34 Mzee Wete

Nami hilo tu ndilo nililokuwa nikiuliza.